Besi Iliyoelekea Mlangoni

Kila Jumapili kwaya iliposimama, wote waliwaelekea waumini, isipokuwa Déborah. Yeye na gitaa lake la besi walikaa mshazari, bega kwa mchungaji, uso kwenye mlango wa upande wa ziwani, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake yuko njiani. Na kwenye mlango huo alisimama Emery, mgane auzaye mchele wa Sange, mmoja wa watu wa protokole, wale wanaowapokea waumini na kuwaonyesha viti.

Sasa ungetaka kanisa lifikiri nini? Mtaa wa Mulongwe ulikwisha kuwaoza wawili hao bila kuwauliza. Mama Marie-Rose wa sauti ya kwanza aliapa kwamba yeye ndiye shahidi, maana husimama nyuma ya Déborah na huona shingo yake inakoelekea. Dada zake Emery walimwita wifi mbele ya meza za ndagala, dagaa wa ziwani, wakamwamuru muuzaji amchagulie wale wasiovunjika. Emery mwenyewe alianza kuja na shati lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata sabuni.

Ukweli ulikuwa mkavu kuliko hayo. Besi ile kuukuu ilikuwa na ugonjwa. Mikro zake, vile visanduku vya sumaku vikaavyo chini ya nyuzi, zilinasa muziki, zikanasa pia umeme wa taa na wa nyaya za ukutani, na spika ikanguruma kama nyuki waliofungiwa mtungini. Katika kuhangaika, Déborah aligundua kwamba akigeuka huku nyuki wanazidi, akigeuka kule wanapungua, na akiuelekea mlango wa ziwani wanalala. Akasimama hapo. Hakumweleza mtu, nani hujieleza kwa nini amesimama alipo? Emery alipopewa mlango ule, aliikuta besi imekwisha kuelekea huko.

Kisha Damien, kiongozi wa kwaya, akatangaza kwamba watu wa kurekodi wanakuja kutoka Bujumbura. Kila mtu atatazama mbele, kwenye kamera, na hataki kusikia mngurumo. Mngurumo usipokoma, Ishimwe, mpiga kinanda, atapiga sehemu ya besi kwa mkono wake wa kushoto. Déborah alicheka pamoja na wengine, lakini macho yake yalikuwa kwenye kinanda. Kinanda cha Ishimwe kilikuwa na meno mengi. Yeye alikuwa na nyuzi nne tu, na nyuzi hizo ndizo zilizomfanya awe mtu kanisani.

Akaenda Kavimvira kwa fundi Nizigama, mtu wa redio na spika, aliyekuwa na mikro za aina mbili zisizonguruma. Za kwanza zilikuwa na nyaya mbili zilizozungushwa kinyume, moja juu ya nyingine, ili umeme ukiingia huku ufutwe kule. Sauti ya besi ingebaki ile ile. Za pili zilikuwa pana, zenye sauti nzito kama hatua za mtu mnene, na ili zikae zilidai mti wa gitaa uchimbwe. Fundi akaziunganisha za kwanza kwa kujaribu.

Déborah akapiga. Akageukia taa ya fundi, akageukia barabara, akageukia milima. Kimya. Akazunguka tena, kama kuku atafutaye pa kutagia. Kimya kila upande. Badala ya kufurahi, akaanza kutafuta kasoro. Akasema hizi zina sauti nyembamba. Zikaunganishwa zile pana, akasema zinamlemea. Zikarudishwa za kwanza. Akasema sasa zinasikika kama mtu aliyenuna. Jasho likamtoka Nizigama.

“Fundi,” alisema mwishowe, “hakuna zenye kunguruma kidogo?”

Nizigama akaweka bisibisi chini. “Mama, watu wanatoka mpaka Fizi wananiletea magitaa niyanyamazishe. Ni weye wa kwanza kuniomba nibakize kelele.”

“Kidogo tu. Iwe na upande mmoja wa kutulia.”

“Na upande huo iko nini?”

Déborah akatoka nje, akasimama kando ya barabara, malori yakimpulizia vumbi. Alijiambia ni umeme, umeme tu. Lakini kulikuwa na Jumapili umeme ulipokatika, besi ikalala kwenye mfuko wake, naye akaimba mikono mitupu kama wenzake. Siku hizo alielekea wapi? Alijua vizuri alielekea wapi. Mtu anaweza kuuficha moyo wake nyuma ya mashine hata mwenyewe asahau alipouweka.

Akarudi ndani, akasema afungiwe zile za kwanza.

Fundi ana mdomo, na habari ilimtangulia Déborah kufika Mulongwe. Kabla ya mazoezi ya mwisho alimkuta Emery kwenye geti la kanisa, shati halijapigwa pasi.

“Nasikia ilikuwa umeme,” Emery alisema, akijaribu kutabasamu. “Kanisa nzima iko inacheka. Na minye nilikwisha kuwaomba wazee waje kwenu.”

“Mwanzoni ilikuwa umeme.”

“Na kisha?”

Damien akaita kutoka ndani. Déborah alifungua mdomo, na maneno yote aliyoyapanga tangu Kavimvira yakasukumana mlangoni lisitoke hata moja. Damien akaita tena. Akaingia ndani, akijilaani kila hatua.

Siku ya kurekodi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwenye mlango wa ziwani alisimama Naomie, mwenzake Emery wa protokole. Emery alikuwa ameomba kuhamishwa mlango wa pili, upande wa soko, ule ambao besi ikiuelekea zamani ilinguruma kuliko kote. Damien akainua mkono. Kamera ikawaka taa nyekundu. Wimbo ulikuwa wa kuanzwa na besi peke yake.

Déborah aliitazama kamera. Kisha akageuka, taratibu, nusu ya kanisa zima, mpaka akauelekea mlango wa soko, na Mama Marie-Rose akalazimika kurudi nyuma asigongwe na shingo ya gitaa. Vichwa vikafuata. Spika haikutoa hata mnong'ono. Mkono wa Damien ulibaki hewani, usijue kama ushuke au ungoje.

Emery alikuwa ameinama, akimwonyesha bibi mmoja mahali pa kukaa, hajainua uso bado. Déborah akaweka kidole kwenye uzi mnene, akaupiga.