Kikohozi cha Mahfoudh

Rahila alikuwa akipara samaki uani, asubuhi, jua bado halijaruka ukuta, paka wa nyumbani alipokohoa. Alikohoa mara mbili fupi, mara moja ndefu, kisha akasafisha koo kama mtu anayetaka kuomba chumvi. Huko juu wifi yake, Kheiria, akaitika, "Labeka, kaka!"

Kilikuwa kikohozi cha Mahfoudh. Mahfoudh ni mume wa Rahila, tena kaka yake Kheiria. Alichukuliwa nyumbani kwao Unguja mwezi ule wa mapinduzi, na kanzu yake ya kulalia, na tangu hapo hapana aliyemwona wala aliyeletewa maiti yake. Jamaa waliosalimika walipanda meli wakaja Maskati, wakakaa ndani ya ukuta wa mji kwa mkubwa wao, Marhoon. Paka yeye kazaliwa papo hapo Maskati, jikoni, na Unguja haijui.

Kikohozi hakikupoa. Rahila akamtia paka kikapuni, akampeleka Matrah, mji wa jirani, kwa daktari wa Kihindi aliyewahi kukaa Mombasa. Daktari akaweka kipimo chake kifuani pa paka, akasikiliza kwa muda.

"Hiki kifua cha mtu mzima," alisema. "Anavuta sigara?"

"Alikuwa akivuta."

"Aache. Na hapo anapolala pana unyevu. Mhamisheni."

Rahila akasema kumhamisha hawawezi. Daktari akampa chupa ya dawa, akamwambia aongeze asali na habasoda.

Alhamisi ile sheikh alikuwa aje kumfungua Rahila. Mke wa mtu aliyepotea hungojeshwa miaka minne, na miaka ilikuwa imetimia. Sheikh angehukumu kuwa Mahfoudh kafa, Rahila angekaa eda, na akishatoka eda yupo Ghanim, fundi cherahani wa Matrah, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, ambaye alikwisha kusema neno kwa Marhoon. Marhoon hakuwa na kinyongo. Halwa ya siku hiyo kainunua mwenyewe.

Sheikh alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, paka akakohoa nyuma ya pazia.

"Nani mgonjwa?" aliuliza kwa Kiarabu.

Marhoon hakuzoea kusema uongo. "Ni ndugu yangu Mahfoudh, huyo huyo tuliyekuitia. Yumo ndani ya paka."

Sheikh akaweka kikombe chini, akataka mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa Marhoon. Wa pili akaitwa jirani yao, mzee Aflah, aliyesali bega kwa bega na Mahfoudh msikitini Malindi, kule Unguja, miaka mingi. Paka akaletwa, akakohoa, na wote wawili wakaapa.

"Paka si shahidi," alisema sheikh. "Lakini anayekohoa hajafa. Mwanamke huyu ana mume, na kutoka kwake nje ni kwa idhini ya mumewe."

Rahila, nyuma ya pazia, akasema kwa Kiswahili, "Muulize, shemegi. Na mimi je?"

Marhoon akauliza. Sheikh akajibu neno moja, "Sabri."

Marhoon akageuka apate kutafsiri.

"Nimesikia," alisema Rahila.

Kheiria alilia kwa furaha, akampa paka kichwa kizima cha nguru.

Kesho yake Bakhita, wa nyumba ya pili, alikuja kuazima kinu. "Shoga, we nawe! Paka huyo. Paka hufa. Huambiwi umkabe, acha tu hiyo dawa, mambo yaende yenyewe."

"Nshachoka, Bakhita."

"Basi si upumzike?"

Rahila akapumzika. Chupa ikakaa shubakani bila kuguswa. Baada ya magharibi kifua cha paka kikajaa, akakohoa, akatema vipande vya chokaa, vyeupe, vilivyolowa, kama vinavyobanduka kwenye kuta kongwe. Rahila akalaza sikio ubavuni pake. Akasikia mlango wa chuma ukifungwa, kisha mtu akiita majina. Mengine yaliitikiwa, mengine la. Lilipoitwa la Mahfoudh, kilichoitika ni kikohozi.

Akainuka, akapasha moto asali.

Alimwambia Marhoon aliyoyasikia. Asubuhi Marhoon akafunga kilemba safi, akatoka kutafuta wa kuambiwa. Kila baraza alipofika alinyweshwa kahawa, akasikilizwa mpaka mwisho, na hapana aliyembishia wala aliyekuwa na la kufanya. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi, akauliza kama chakula tayari.

Ghanim alingoja mpaka mwezi wa mfungo sita. Halafu akamtuma dada yake kuja kusema kwamba ameelewa, na kila mtu na riziki yake. Akaposa msichana wa Barka. Kwa kuwa ni mtu mwema, aliialika nyumba nzima.

Siku ya harusi gari la Matrah lilingoja nje ya lango la mji, lifungwalo usiku. Kheiria alikuwa amejifukiza udi tokea asubuhi. Rahila alivaa buibui lake, akasimama mbele ya paka, kama alivyofanya kila alipotaka kutoka tangu siku ile ya sheikh. Akikohoa, ni ruhusa. Lakini dawa ilikuwa imemfaa. Paka alilala fofofo juu ya mkeka, ubavu unapanda na kushuka, kifua kimya.

"Wifi, twende! Tutafungiwa lango tulale nje."

"Sijapata ruhusa."

"Mwamshe, basi."

Rahila akamtazama paka.

"Kakaako hajapata usingizi kama huu tangu achukuliwe," alisema. "Tangulieni nyie."

Akavua buibui, akaketi, akangoja aamke.