Ufa Uliozibwa

Mngurumo ulitangulia gari. Shangazi, mshika bendera wa kona iitwayo Mkwe, aliutambua. Alikuwa Kiberiti, mtoto wa kaka yake aliyemlea mwenyewe, kwenye mzunguko wake mmoja wa kupimwa. Akipata muda mzuri, kiti cha timu ni chake. Akiukosa, kinakwenda kwa mpinzani anayekuja nyuma yake.

Uwanja huu wa mbio zamani ulikuwa wa ndege. Njia ya kurukia ilinyooka kama rula, ila mwishoni mkulima mmoja alikataa kuuza shamba, barabara ikajikunja ghafla. Ndiyo maana kona ikaitwa Mkwe: ukimjia bila adabu, atakuaibisha mbele za watu. Alama ya mahali pa kufunga breki haikuwekwa. Vizazi vya madereva vilitegemea ufa uliokata lami. Gurudumu likiugonga, mguu unakanyaga breki.

Injini haikushusha sauti.

Shangazi akatupa macho barabarani. Ufa haukuwepo! Mafundi walikuwa wameuziba jana yake, wakalainisha lami kama shavu la mtoto.

Kupeperusha bendera ya njano, inayomwamuru dereva apunguze mwendo, pasipo ajali ni kosa, na kungeua muda wa kijana. Akaipeperusha kwa mikono miwili.

Breki zikalia, gari likazunguka kama pia, likasimama nyasini. Kiberiti akachomoka.

"Shangazi, umenimaliza! Ajali iko wapi?"

"Ilikuwa inakuja, imevaa helmeti yako."

"Unanitania? Kiti kimeenda!"

"Makalio ya kukalia bado unayo, shukuru. Hebu nionyeshe ufa, bingwa."

Akautafuta. Akasugua lami kwa kiatu, akaenda, akarudi.

"Nilikuwa nausubiri," akasema.

Mngurumo mwingine ukasikika. Mpinzani. Naye alikuwa akiusubiri.

Kiberiti akimwacha apite bila onyo, mpinzani atapinduka konani, na kiti kinarudi. Kiberiti alilijua hilo, na Shangazi alijua kwamba analijua. Akamtazama, bendera mkononi. Kijana akampokonya bendera, akakimbia ukingoni mwa lami, akaipeperusha huku akitukana kila aliyewahi kushika sepetu. Gari likapunguza mwendo, likapita kona salama, dereva akiwakunjia ngumi.

"Mwenzako amekasirika," Shangazi akasema.

"Na akasirike." Kiberiti alikuwa tayari anaondoka, hatua zake ndefu. Akageuka. "Nakwenda kwa wasimamizi. Hakuna gari litakalopita hapa kabla hawajachora mstari palipokuwa na ufa, hata ikibidi nilale barabarani. Nakuahidi, Shangazi."