Kodi ya Kinyozi

Mwezi ule wateja walikuwa haba, hata kinyozi akaanza kuwaona wenye vipara kama maadui zake. Jioni mkewe alimwaga pesa zote mezani, akauliza, "Haya, baba watoto, tulipe nini?"

Zilitosha maji na umeme. Kodi ya nyumba haikufika hata nusu. Kinyozi akakuna kichwa, akatoa hukumu kama jaji: "Tulipe maji na umeme. Mita haibembelezeki. Mwenye nyumba ni binadamu, nitamweleza."

"Wewe? Uliyemkimbia daktari wa meno?"

"Mimi mwenyewe. Uso kwa uso."

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. "Hodi humu! Wenyewe mpo?"

Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba. Yule bwana wa uso kwa uso hajui miguu ilimpelekaje. Alijikuta ndani ya kabati la nguo, magauni ya mkewe yamemfunika gubigubi. Humo gizani alijishangaa: mtu mzima, baba wa watoto watatu, anayepitisha wembe kwenye makoo ya watu bila kutetemeka, leo anamkimbia mzee wa mkongojo!

"Mume wangu amesafiri," mkewe alisema, akimeza kicheko.

"Lo, bahati mbaya! Leo namwoza binti yangu. Ndugu wamejaa kwangu, nywele vichaka vitupu. Nilitaka aje awanyoe, ujira tuukate kwenye kodi. Basi, nitatafuta mwingine."

Kabati likafunguka. Kinyozi akatoka, jasho likimtiririka, mkanda wa gauni ukining'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo kwanza nafika."

Mzee akamtazama, akalitazama kabati, akacheka mpaka akaomba kiti. "Marahaba. Huko utokako kuna joto, eh?"

"Sana, mzee. Nisamehe. Kodi sina, na uso wa kukwambia sikuwa nao."

"Ungesema tu, mwanangu. Mimi nilipokuwa mpangaji nilijificha chooni. Kabati sikuwa nalo."

Kinyozi alinyoa mpaka vidole vikafa ganzi. Kodi ikapungua zaidi ya nusu. Iliyobaki akapewa muda. Usiku alialikwa harusini, akala kwa adabu zote, hadi mzee aliposhika kipaza sauti na kusimulia kisa chote. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Kinyozi akaweka kijiko chini, akacheka nao. Kabla sherehe haijaisha, wageni kadhaa walishamuuliza kibanda chake cha kunyolea kiko wapi.