Kendi wa Saba

Rozina alirudi kutoka zamu ya usiku ghalani saa moja asubuhi, akakuta nyumba ina baridi kuliko kituo cha basi. Hakuvua koti. Alisimama juu ya tundu la sakafuni, pale joto linapotoka, akasubiri. Kilichompanda miguuni kilikuwa hewa ya Januari yenye ile harufu iliyokwisha kuingia hadi kwenye mashuka yao.

"Teles," aliita kwenye ngazi. "Umezima hita tena?"

"Siku kumi tu," mumewe alijibu kutoka chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mimea isipopigwa na baridi sasa, haitoi rangi."

Telesphory alikuwa bwana shamba Muleba kabla ya bahati nasibu ya viza kuwaleta Louisville. Kule wakulima walimwekea ndizi nzuri kando, wakamsubiri barabarani wamuulize habari za migomba yao. Hapa alipakia masanduku kwenye ghala la South End mpaka mgongo ukagoma. Msimamizi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwita T, kwa kuwa jina lake lilikuwa refu. Vyeti vyake vilikaa kwenye bahasha na hakuna aliyewahi kuomba kuviona. Ndipo akashuka chini ya nyumba ile ya kupanga, karibu na Iroquois Park, akarudia kazi aliyoijua: kupandisha dume hili na jike lile, kuchagua, kutupa, kuanza upya. Miaka mitatu alitafuta bangi ya zambarau. Si ile inayobadilika ukingoni mwa majani tu. Aliitaka iwe zambarau hadi moyoni mwa ua.

Rozina hakuwa na ugomvi na bangi. Ugomvi ulianza siku aliposhuka na chai akamkuta amepiga magoti, anapaka chavua kwenye maua kwa brashi ya Rozina, ile ya kujipodolea. Mkono ulikuwa mwepesi. Rozina hakukumbuka lini mkono ule ulimgusa hivyo. Kisha akasoma vibao kwenye vyungu: KENDI 5. KENDI 6. KENDI 7.

Kendi alikuwa binti wa Kikenya, mzaliwa wa Columbus, wazazi wake walipokuwa wanafunzi huko. Naye sasa alisomea mimea mji huohuo. Walikutana kwenye harusi ya watu, yeye na Telesphory wakazungumza udongo mpaka keki ikakatwa bila wao. Mbegu za kwanza zilitoka kwake.

"Aliyetoa mbegu ndiye mwenye jina," Telesphory alisema alipoulizwa. "Hata kahawa tuliita hivyo."

"Na anayelala na baridi?"

Akacheka, akadhani ni utani.

Asubuhi ile Rozina alishuka na koti lake. Kendi wa saba alikuwa amefunguka usiku, ua zima limeiva rangi kama zambarau lililokanyagwa. Alikuwa mzuri, na uzuri huo ndio uliomchoma. Telesphory hakugeuka. Alikuwa ameinua simu mbele ya ua, na kwenye kioo cha simu Kendi mwenyewe alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Njoo umwone mwanao," Telesphory alikuwa akimwambia.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Rozina hakuwahi kumpa mtu wa kumwita hivyo.

Saa nne alikuwa kwenye duka la kufulia nguo. Ukutani palikuwa na tangazo la polisi lenye namba ya simu: si lazima utaje jina. Alipiga. Alidhani watachukua mimea tu.

Walikuja siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana.

"Nani amepanga nyumba hii?" askari aliuliza.

"Mkataba una jina langu," Rozina alisema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Akafungwa pingu yeye kwanza.

Mwanasheria waliyepewa na serikali alikuwa na mafaili mengine tisa mkononi. Alimpa kila mmoja wao dakika nne, na mkalimani aliongea nao kupitia simu.

"Ukikubali kosa, unaenda nyumbani. Ukikataa, unangoja ndani, labda miezi."

"Na karatasi zetu za uhamiaji?" Rozina aliuliza.

"Hiyo ni ofisi nyingine. Weka saini hapa."

Walisaini wote wawili. Jaji akampa Rozina faini, Telesphory kifungo cha nje, akawatakia siku njema. Kwenye korido watu wawili wa uhamiaji, wasio na sare, walikuwa wanamsubiri Telesphory, nao walilitaja jina lake lote, la kwanza na la ukoo, bila kukosea herufi.

Alihamishwa mara tatu. Mara ya tatu alipelekwa kizuizini mwendo wa saa moja kutoka Buffalo, jimbo jingine kabisa. Ghala lilikwisha kumfukuza Rozina kwa ajili ya lile kosa, na mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Akaenda Cheektowaga, jirani na Buffalo, kwa Nyirangabo, Mkongomani waliyefanya naye zamu zamani. Akasafisha vyumba hotelini kwa mtu asiyeuliza karatasi.

"Bon, dada," Nyirangabo alimwambia siku moja ya Oktoba. "Ule Kendi wako iko hapa. Serikali ya jimbo ya huku ilikubali bangi kuwa dawa, donc, basi, banamupa kazi ku nyumba ya vioo ya kulima ile bangi. Nenda umuombe ile barua."

Wakili wa kanisani alitaka barua ya mtu anayemfahamu Telesphory na kazi yake. Rozina alipanda mabasi mawili. Kendi alimpokea chumba cha wageni, amevaa koti jeupe, kitambulisho chenye picha yake kikining'inia kifuani. Mlangoni alisimama mlinzi mwenye bastola. Alilinda mimea isiibiwe.

"Pole sana, dada. Nililia sana niliposikia."

"Nimekuja kwa barua."

"Siwezi. Mawakili wa kampuni wamekataza. Hakuna mtu hapa anaruhusiwa kujihusisha na mwenye kesi ya bangi."

"Basi kazi. Hata kufagia."

Kendi akatazama viatu vyake. "Nilishakuulizia. Walitafuta jina lako. Lina kosa."

Nyuma yake, kupitia kioo, safu za mimea zilikwenda mpaka macho yalipokoma, zambarau tupu, na taa juu yake kama mchana wa pili.

"Ni ya kwake?" Rozina aliuliza.

"Ni mbegu alizonitumia, za kizazi cha tano. Lakini hapa tunaita kwa namba. Hii ni kumi na nne. Majina hawataki."

Rozina akamtazama usoni, binti mzuri, kucha safi, udongo kidogo kwenye kiwiko. "Alikuwa anakupenda?"

"Alikuwa anapiga simu kuuliza mimea, dada. Ni hivyo tu."

Rozina alilisikia neno hilo na hakuliamini, wala hakuweza kuacha kulirudia moyoni ndani ya mabasi yote mawili.

Jumamosi, kule kizuizini, alikaa mbele ya kioo kinene, akainua simu. Telesphory alikuwa amekonda shingo.

"Umemwona?" Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Nimemwona. Barua hatoi."

Akakuna ukingo wa meza. "Zile mbegu zimetoka rangi?"

"Sikuziona," Rozina alisema.

"Wanasema kuna mtu alipiga simu polisi. Nawaza sana humu. Mwanamke, wanasema. Unadhani nani, Rozina?"

"Sijui."

Laini ikakatika. Muda ulikuwa umekwisha, lakini Telesphory hakujua. Aliendelea kusema kwenye simu iliyokufa, uso wake karibu na kioo. Rozina akaikaza yake sikioni, akaitazama midomo ya mumewe. Jina lake yeye, Rozina, huviringisha midomo mwanzoni. La Kendi huitanua. Alisogea, akangoja iviringike. Mlinzi akaja kumshika Telesphory bega, akasimama katikati, na mgongo wake mpana ukakijaza kioo chote.