Mishono Mitatu ya Fundi Hotuba

Jamani, kaa vizuri kwanza, maana haya usipoyaamini sitakulaumu hata kidogo. Kuna fundi viatu mmoja alisema maneno yaleyale kwa miaka kumi na minne, hakuna aliyemsikiliza, akala akashiba. Halafu watu wakamsikiliza. Hapo ndipo njaa ilipoanza. Naapa!

Walimwita Fundi Hotuba. Alikaa kwenye baraza la duka la dawa, ng'ambo ya geti la hospitali, na stuli yake, kile chuma cha kugongea visigino, kopo la gundi, nta, nyuzi, na kisu kimoja kifupi alichokinoa mpaka kikabaki nusu. Na mdomo. Mdomo ndio ulikuwa chombo chake kikubwa kuliko vyote.

"Hiki nini hiki?" angeuliza, ameinua kiatu cha mteja kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Dada yangu, hili boksi. Boksi limepakwa rangi. Mwaka huu umenunua jozi ngapi?"

"Nne."

"Na kwangu umekuja mara ngapi?"

"Fundi, shona bwana, nachelewa zamu."

"Mara tisa! Ungenunua jozi moja ya ngozi, ya kushonwa siyo ya kubandikwa, ungekaa nayo miaka mitano hata jina langu hulijui. Rahisi ghali!"

Watu walicheka, wakalipa, wakaondoka. Baada ya mwezi wanarudi na boksi lilelile limeachama mdomo kama linaomba maji. Fundi anahubiri tena. Hotuba ilikuwa ya bure, ilimfanya ajione mtu mwema, na haikuwahi kumfukuza mteja hata mmoja. Niambie wewe, biashara gani nyingine ina raha hiyo?

Sasa sikiliza. Kulikuwa na nesi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa mbio, ambaye hata akisimama unaona anataka kuondoka. Siku moja, badala ya kucheka, akatoa simu akapiga hesabu palepale, amesimama mguu mmoja kama korongo kwa sababu kiatu cha pili kilikuwa mkononi mwa fundi. Akapiga tena.

"Fundi, kumbe unasema kweli."

"Mimi?" Fundi alishtuka, kidogo ajitoboe na sindano.

"Hela niliyotupa hapa kwako miaka mitatu, ningevaa viatu vya daktari mkuu!"

Mshahara ulipotoka akaenda kununua jozi moja nyeusi, ya ngozi, soli imeshonwa pande zote. Bei ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Miezi minane ikapita, viatu vipo. Mvua ikanyesha, vipo. Wenzake saba wa wodini waliokuwa wakimcheka mwanzoni wakaanza kuviangalia kwa jicho la husuda. Mwisho wakaunda kikundi: kila mwezi wanachanga, mmoja wao ananunuliwa jozi nzuri. Na unajua mshauri wa kikundi walimchagua nani?

Fundi Hotuba mwenyewe! Na alivyofurahi, utadhani amepewa uwaziri.

Kila mwisho wa mwezi alifunga baraza mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akaongozana nao hadi dukani kwa Mzee Risiti, palepale nesi aliponunua vyake. Mzee huyu aliitwa hivyo kwa sababu hakuuza hata kamba ya viatu bila kukuandikia karatasi. Fundi aliingia humo kama mkaguzi. Anakunja soli. Ananusa ngozi. Anapitisha ukucha kwenye mshono.

"Hiki hapana. Hiki kitaachia baada ya mwaka mmoja."

"Lete hicho cha juu, mzee. Ee, hiki! Hiki utazikwa nacho, dada."

Yaani aliwatafutia, jozi moja baada ya nyingine, viatu ambavyo yeye hatavigusa maisha yake yote. Alivichagua kwa utaalamu. Bila malipo. Na soda hakupewa.

Mkewe, mpiga pasi wa nguo za watu, alimvumilia mpaka mwezi wa tano. Jioni moja akaiweka pasi yake pembeni.

"Baba watoto, hebu nieleweshe polepole, mimi sikusoma sana. Unakwenda dukani, unachagua kiatu kisichoharibika, unampa mteja wako."

"Ndiyo."

"Halafu unarudi kibarazani, unakaa, unasubiri nini?"

"Heshima, mama watoto. Siku hizi wananiita mtaalamu."

"Sawa, mtaalamu. Hiyo heshima tutaichemsha au tutaikaanga?"

Fundi akacheka peke yake. Lakini mama watoto aliona mbali. Mambo mazuri yanaambukiza, si unajua? Wafagizi wa hospitali wakaiga, karani akaiga, mpaka mlinzi wa geti akanunua buti la kushonwa. Baraza likapoa. Ule mlima wa viatu uliokuwa unamfika fundi magotini ukabaki ndala mbili na mkoba uliokatika mkanda. Watu walipita wakimpungia mkono, "Shikamoo mtaalamu!", na soli zao zinalia ko-ko-ko kwenye lami, nzima kabisa. Kila ko ilimwingia moyoni.

Ndipo mama mwenye duka la dawa akatoka nje, amejifunga kanga yake kiunoni, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Fundi, tumekaa vizuri, sikatai. Lakini kodi ya miezi miwili sijaiona, na shemeji yangu anataka hapa auze makava ya simu. Mwisho wa mwezi, kama huna, mpishe."

"Mama, miaka kumi na minne!"

"Na mimi ndiyo nilikuwa nakuhesabia hiyo miaka kwa upendo. Upendo umefika kikomo, baba."

Hebu fikiria. Fundi viatu bila baraza ni mtu mwenye mfuko wa misumari tu. Kona zote za mji zina wenyewe. Maji yalikuwa shingoni, na mwisho wa mwezi ulikuwa siku ishirini na sita mbele.

Kesho yake, saa sita mchana, nani anakuja? Nesi. Na mfuko mkubwa.

"Fundi wetu! Wiki hii tunapokea wageni wakubwa kutoka wizarani. Tunataka vipakwe rangi ving'ae. Jozi zote nane. Tunavifuata jioni."

"Kupaka rangi tu?"

"Kuna kingine cha kufanya? Si ulituchagulia mwenyewe!" Akacheka, akavuka barabara na ndala za wodini.

Fundi akavipanga mbele yake, jozi nane, viatu kumi na sita. Akavikagua kimoja kimoja, akiomba Mungu amwonyeshe japo uzi mmoja uliolegea. Wapi! Jicho lake halikuwa limekosea hata mara moja, na hakuna siku aliyolichukia jicho lake kama siku ile.

Akachukua kiatu cha kushoto cha nesi. Akakigeuza. Chini ya soli kuna kamfereji ambamo uzi unapita, umejificha. Kisu kilikuwa kwenye goti. Sijui nani alikiweka pale.

Mishono mitatu tu, alijiambia. Mitatu si wizi. Ni kama kumkumbusha mtu. Nesi anatembea kuliko wote. Wiki tatu hivi soli itaanza kucheka, ataleta, nitashona, atalipa vizuri maana kiatu ni cha ghali. Wenzake wataogopa, nao wataleta vyao vikazwe. Kodi itapatikana. Nani ameumia hapo?

Tik. Tik. Tik.

Akapaka nta juu yake, akapaka rangi, akapiga brashi mpaka akauona uso wake kwenye ngozi. Akakiweka upesi pembeni.

Na kazi ya fundi ni kazi ya fundi, lazima tumpe haki yake: wiki tatu kamili, nesi huyo hapo! Soli ya kushoto imeachia mbele. Moyo wa fundi ukapiga paa. Akavuta stuli, akashika sindano.

"Pole sana, dada. Lete, dakika ishirini tu kinakuwa kipya."

"Kushona? Kwani mimi kichaa?" Nesi akapekua mkoba wake, akapunga karatasi hewani. "Nina risiti! Imeandikwa hapa, dhamana miaka miwili. Mzee atanibadilishia. Na wewe twende, wewe ndiye shahidi."

Dhamana! Fundi alikuwa ameisahau kabisa. Atakumbukaje, wakati miaka yote wateja wake walinunua viatu chini, juu ya turubai, kwa muuzaji asiyeonekana kesho yake?

"Lakini dada, usumbufu wote huo wa nini..."

"Twende, mtaalamu! Wenzangu wanatusubiri kule."

Walikuwepo wote saba, wamejipanga kwenye kaunta. Mzee Risiti hakugombana. Alivaa miwani, akawasha tochi ya simu, akaingiza kidole kwenye ile soli. Akavuta kipande cha uzi. Akakiangalia muda mrefu sana.

"Uzi ukichakaa unaota manyoya," alisema taratibu. "Huu umekatika safi. Mimi macho yangu ya kizee. Fundi, jicho unalo wewe, na watu wote hawa wanakuamini. Mimi nitafuata neno lako. Hiki ni kiwanda au ni kisu?"

Wanawake wanane wamemgeukia. Fundi akasikia jasho jembamba linateremka mgongoni mpaka kiunoni. Kisu chenyewe kilikuwa mfukoni mwa suruali, na alivyoapa baadaye, kilikuwa cha moto.

Akisema kisu, swali la pili litakuwa cha nani, na kwa wiki tatu hakuna fundi mwingine aliyegusa viatu vile. Baraza limekwenda. Jina limekwenda. Akisema kiwanda, anamtwisha lawama mzee ambaye hajawahi kumuuzia mtu uongo hata wa kamba.

"Fundi?" nesi akamgusa bega.

"Kiwanda," fundi akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni kiwanda, mzee. Mashine ikipata moto sana inaunguza uzi. Unakatika safi namna hii."

Mzee Risiti akavua miwani. Alionekana amezeeka ghafla.

"Basi si haki nimbadilishie huyu peke yake," alisema. "Nimeuza jozi hamsini na tatu za kiwanda hicho. Nina majina yao wote kwenye nakala za risiti. Nitawaita. Na wewe, fundi, utazishona zote upya, kwa mkono. Nalipa mimi."

Akahesabu malipo ya mwanzo palepale kaunta. Kodi ya miezi miwili, na ya miezi minne mbele.

Unasikia lakini? Wanawake walipiga makofi! Nesi, huku amevaa jozi mpya, akamwambia kila aliyekutana naye: "Fundi mwingine angeninyamazia anishonee anilipishe. Huyu ameiacha hela yangu, amesema ukweli." Mama wa duka la dawa akamletea kiti chenye mgongo. Shemeji na makava yake akatafutiwa kwingine.

Na viatu vikaja. Mifuko kwa mifuko, jozi hamsini na mbili, zote nzima kama siku zilipozaliwa. Ili azishone upya ilibidi kwanza azikate mishono mizuri ya mashine, aweke ya kwake, ambayo yeye mwenyewe alijua ni dhaifu kidogo. Alikesha mchana kutwa, kama kuna kukesha mchana, anaharibu kazi nzuri kwa uangalifu mkubwa. Mkewe alikuja mara moja, akashika uzi mmoja wa mashine, imara kabisa, akamwangalia mumewe usoni, akauweka chini. Hakuuliza. Alichukua hela ya unga akaondoka, na fundi akatamani angeuliza.

Jozi ya arobaini hivi, Mzee Risiti mwenyewe akaja barazani na chupa ya chai. Akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo.

"Nimevunja mkataba na kile kiwanda," akasema. "Kuanzia mwezi ujao naleta vya bei nafuu, vya kubandika. Kama vya ghali navyo vinaachia, niwaumize watu mifuko kwa nini? Hasara niliyopata ni kubwa, fundi, siwezi kukuficha. Lakini nashukuru. Watu waaminifu kama wewe wamebaki wangapi?" Akammiminia chai.

Fundi akakiweka kikombe chini.

"Mzee," akasema. "Kuna kitu nataka kukuambia."

"Niambie, mwanangu."

Wateja wawili walikuwa wamesimama kwenye foleni, viatu vyao vya boksi mkononi. Mama wa duka la dawa alikuwa mlangoni, anatabasamu. Jozi kumi na tatu zilikuwa bado.

"Uzi mweusi umeniisha," fundi akasema.

"Nitakuletea kesho," mzee akajibu, akanywa chai yake.

Sasa usikimbilie kumtukana. Jiweke wewe pale kaunta, macho ya wanawake wanane usoni, kisu kinakuchoma paja, na nje kuna mtu anasubiri kukalia stuli yako. Mzee wa watu anakuuliza: kiwanda au kisu? Wewe ungesemaje?