Daftari Lililokwenda Mazikoni

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Labda kwao ilikuwa hivyo. Kwenye bustani ya mimea iliyo nje kidogo ya Songea, ukishaipita Mfaranyaki, daftari lilikuwepo, nene kama tofali, na mali iliisha kwa sababu ya daftari hilohilo, habari zake zote zikiwa zimeandikwa vizuri kwa wino.

Mtunzaji wake alikuwa Renatha, mkutubi wa bustani, binti mwenye stashahada na ulimi usiopinda. Maktaba yake ilikuwa vyumba viwili: kimoja cha vitabu alivyovipigania na mchwa kila mwaka, kingine cha makabati ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Daftari lilikaa peke yake juu ya meza. Kila mmea uliokuwa hai bustanini ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mstari wake humo ndani: umetoka wapi, nani aliyeuleta, unapenda nini, unaogopa nini. Kanuni ilibandikwa mlangoni, na Renatha mwenyewe ndiye aliyeibandika: daftari halitoki nje ya maktaba.

Katika safu ya aliyeleta, jina lilikuwa karibu lilelile kurasa zote. Mzee Thadei aliajiriwa miaka ishirini na sita iliyopita kufyeka majani. Hakuna aliyemtuma porini, lakini kila likizo alirudi na kitu ndani ya gunia bichi: mche wa msuku, kipande cha mtambaazi, mbegu alizozifunga kwenye leso. Kurasa za mwanzo alitia msalaba mahali pa jina. Baadaye ikaja T iliyolegea. Mwishowe likaja jina zima, herufi zimeegemeana kama watu wanaotoka pombeni.

Kila siku saa nne asubuhi alikuja maktaba na kukaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee. Leo umeleta nini?"

"Marahaba, mwalimu wa makaratasi. Leo nimekuja kusahihisha. Ule mbula namba mia tatu na nne, umeandika unapenda jua."

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema unavumilia jua. Hata mimi namvumilia shemeji yangu, lakini usiandike nampenda."

Renatha aliukata mstari, akaandika upya, shemeji naye akiwemo. Hivyo ndivyo daftari lilivyojaa maneno ya Thadei kwa mwandiko wa Renatha.

Kitu ambacho mzee alikipenda kuliko vyote kilikuwa kitalu cha tisa. Humo zilikaa okidi za ardhini alizozitoa kwenye bonde moja nyuma ya Lusewa. Kila Januari zilitoa ua la manjano lenye koo jekundu. Chini zilikuwa na viazi vidogo, na viazi hivyo ndivyo vilivyoziponza, maana wachuuzi huviita chikanda, huvichimba kwa magunia na kuvivusha Zambia, kwenye walaji. Thadei aliporudi bondeni mwaka wa tatu alikuta mashimo matupu. Akazunguka mabonde mengine mpaka miguu ikavimba. Kwa kadiri alivyojua yeye, vile viazi arobaini vya kitalu cha tisa ndivyo vilivyobaki.

Sasa, okidi hizo hulala. Ikifika Mei majani hunyauka, na mpaka mvua za Novemba utaona udongo mtupu, huwezi kudhani chini kuna uhai. Wezi walisharuka uzio mara mbili. Kwa hiyo kila Mei mzee aling'oa vibao vya majina, mtu asijue pa kuchimba. Kiangazi chote ni daftari pekee lililojua. Namba mia nne na kumi na moja, maneno ya Thadei: "Huyu hulala Mei mpaka Novemba. Asiamshwe."

Mwezi wa nane kifua kilimshika Thadei siku tano tu, akafa.

Mjane wake, Mama Severina, alishuka kwenye bodaboda mlangoni pa maktaba, kanga imefungwa kiunoni, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kesho tunazika kijijini kwao, Mpitimbi," alisema. "Katekista anataka wasifu. Wadogo zake wameandika huu."

Renatha alisoma. Kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, watoto watano, kazi mfyeka majani, kufa. Mistari sita.

"Kule wanamwita mkata majani ya watu," Mama Severina alisema. "Miaka yote. Wanamuuliza shamba lako liko wapi, ng'ombe wako wako wapi, na yeye anacheka tu. Nataka kesho wasikie."

"Wasikie nini, mama?"

"Mimi sijui. Alikuwa anakwambia wewe."

Jioni ile Renatha aliketi na kalamu. Aliandika ukurasa mmoja, akauchana. Akaandika mwingine, nao ukawa wa mtu yeyote aliyewahi kufa. Kisha akalitazama daftari. Angeweza kulipiga picha kwa simu. Angeweza kuacha ujumbe mezani. Baadaye watu wengi walimwambia hayo, na yeye alikuwa ameshajiambia kabla yao. Lakini picha haionyeshi jinsi kalamu ya mzee ilivyokandamiza karatasi mpaka ukigusa upande wa pili unaisoma T kwa kidole. Alilifunga kwa kitenge, akalitia begini, akafunga mlango.

Ijumaa, kaburini, alisoma. Alianza na namba ya kwanza: aliyeleta Thadei, kutoka mtoni, unapenda miguu iwe ndani ya maji. Watu walitazamana. Namba ya saba. Namba ya ishirini. Katekista alikohoa mara mbili kumkumbusha muda, kisha akaacha kukohoa. Alipofika mia tatu na nne na habari za shemeji, shemeji mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio mdomoni. Alisoma na mia nne na kumi na moja: huyu hulala, asiamshwe. Mama Severina aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeisikia sauti aliyoijua.

Baadaye mdogo wa marehemu alisogea na kuweka kidole juu ya jina.

"Hii ni yake? Thadei alijua kuandika?"

"Alijifunza akiwa na miaka hamsini na moja. Hakutaka tena kutia msalaba."

Yule mdogo wake hakukiondoa kidole.

Wakati huohuo, Songea, mkuu mpya wa bustani alikuwa akikagua njia. Bwana Tumsifu alikuwa ametoka Moshi wiki tatu tu kabla ya hapo, mtu mstaarabu, mgeni wa kila kitu. Jumatatu wafadhili walikuwa wanakuja. Alisimama kwenye kitalu cha tisa akamuuliza Fidelisi, kibarua aliyeajiriwa kiangazi hichohicho, hapo pana nini.

"Hapana kitu, bosi. Huwa tunapalilia tu."

Tusimwonee Tumsifu. Alikwenda maktaba, akafungua kwa ufunguo wake, akalitafuta daftari. Meza ilikuwa tupu. Alimpigia Renatha simu. Simu ilikuwa imezimwa, maana wanazika. Alisubiri nusu saa. Kisha akasema, "Haya, lima. Tupande maua."

Renatha alirudi Jumapili. Toka mbali aliona safu ya maua ya kununua, rangi ya machungwa, yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Alimkuta Fidelisi anamwagilia.

"Fide, viko wapi vilivyokuwa humu?"

"Vile viazi? Nilivipeleka nyumbani kwa ndoo, dada. Niliwapa nguruwe." Kisha, kabla hajamtazama usoni, akaongeza, "Walivipenda."

Renatha alipiga magoti, akayang'oa maua, akachimba kwa vidole mpaka kucha zikavuja damu. Alipata viazi vitatu. Kimoja kilikuwa kimekatwa na jembe. Alivitia kwenye chungu, akakiweka dirishani pa maktaba.

Tumsifu alikuja akasimama mlangoni.

"Nililitafuta daftari," alisema.

"Najua."

"Lingekuwepo ningesoma."

"Najua, bosi."

"Ulilipeleka wapi?"

"Mazikoni."

Tumsifu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Bodi ya bustani ingetaka maelezo, alisema. Wasubiri mvua. Kikichipua hata kiazi kimoja, ataandika kwamba kitalu kimehamishwa. Kisipochipua zitatakiwa barua mbili za kuomba radhi, yake na ya Renatha.

Septemba vumbi lilijaa hadi kwenye kurasa. Oktoba joto lilipasua udongo wa chungu, na Renatha aliunyunyizia maji kwa ncha za vidole, asije akaviamsha viazi kabla ya saa yake. Saa nne asubuhi ilipofika alijikuta anatazama kigoda.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Novemba, usiku kucha. Asubuhi bustani nzima ilikuwa inafumuka: msuku ulitoa majani mekundu, vitunguu pori vya kitalu cha sita vilitoboa udongo kama vidole vya watoto. Chungu kilikaa kimya. Alingoja siku kumi, kisha kumi nyingine. Hatimaye alitandika gazeti mezani na kukimwaga. Viazi vitatu vilikuwa maganda meusi, vyepesi, ndani hamna kitu.

Alilifungua daftari, akaifikia namba mia nne na kumi na moja. Katika safu ya hali aliandika tarehe, na baada ya tarehe neno moja: umekufa. Alisubiri wino ukauke. Ulikauka haraka sana.

Mchana Tumsifu alimwita ofisini. Juu ya meza palikuwa na barua mbili zilizochapwa. Moja ilikuwa imeshasainiwa.

"Yangu nimemaliza," alisema. "Yako nimekuandikia, usihangaike. Sentensi moja tu: ninaomba radhi kwa kulitoa daftari maktabani. Ukisaini, mkataba unaendelea. Usiposaini, bodi wanasema mwisho wa mwezi."

Renatha aliisoma. Ilikuwa na sentensi moja kweli.

"Andika kwamba vimekufa kwa sababu yangu," alisema. "Nitasaini. Andika nilivunja kanuni niliyoibandika mwenyewe. Nitasaini. Andika kwamba nikifumba macho naiona ile ndoo."

"Hayo hawajayataka. Wanataka radhi."

"Radhi ya nini?"

"Renatha, dada yangu, ni karatasi tu. Mimi mwenyewe nimesaini, na wala sikujua."

"Wewe hukujua, ndiyo maana unaweza. Anayeomba radhi anasema ningerudishwa siku ile nisingefanya. Mimi ningerudishwa siku ile ningelibeba." Akaiweka barua mezani. "Zile okidi nitazililia mpaka nizeeke. Hilo ni langu na zao. Lakini yule mzee alifukiwa akiwa na jina."

"Utapoteza kazi."

"Nimesikia."

"Sasa niwaambie nini bodi?"

Renatha aliisukuma barua irudi upande wake wa meza, pamoja na kalamu.

"Waambie siombi radhi."