Kikombe Alichokiweka Ibtihaj

Gere ni ugonjwa, na Ibtihaj alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Aliugua kwa ajili ya mtu mmoja tu, Jumana, binti wa ami yake, waliyekulia naye nyumba moja hapa Madaba, jirani na Amman, huyu chini na yule ghorofani. Jumana hakuwa amemtendea ubaya wowote. Hilo ndilo lililomkera zaidi Ibtihaj, maana angekuwa mbaya, angalau angepata pa kumshikia.

Kiwanda cha jibini cha Haji Mufaddi kilipotangaza nafasi ya msimamizi wa wateja, Ibtihaj alikuwa amemaliza chuo zamani na bado anakaa bure. Akaapa kwamba hii ni yake. Alikwenda mpaka Amman kusoma kozi ya usaili, akafundishwa namna ya kukaa, kusalimia, na kujibu lile swali la "udhaifu wako ni upi" bila kujianika. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati mpaka mama yake akauliza anagombana na nani humo ndani.

Ghafla Jumana naye akaomba nafasi ileile.

"Mfundishe mwenzio," mama alisema. "Kizuri kula na nduguyo."

"Mama, kazi si sinia la wali tukalizunguka! Nafasi ni moja."

"Basi mwenye riziki yake ataipata. Ami yako kaja mwenyewe kuniomba, ulitaka nimjibu nini?"

Akamfundisha, shingo upande. Jumana alijilaza kitandani akitafuna mbegu za alizeti, kila swali analigeuza mzaha.

"Haya, udhaifu wako ni upi?"

"Kunafa ya moto, ile tamu ya jibini na shira. Nikiona sinia la kunafa, sijui mama sijui baba."

Ibtihaj alitaka kumkemea, lakini mama alikuwa mlangoni anacheka hadi anafuta machozi. Yeye hakukumbuka lini aliwahi kumchekesha mama yake hivyo. Alijua ana majibu mazuri kuliko huyu, na alijua pia kwamba watu hawajali majibu, wanampenda Jumana tu, bure, kama wanavyopenda jua la asubuhi.

Siku ya usaili Jumana aliitwa kwanza. Ibtihaj, pale kwenye benchi, akasikia kicheko kutoka ndani, cha mzee, kile cha kutoka tumboni. Mara Jumana akatoka, mashavu yamemwiva.

"Wallahi, dada, hata sijui nimesema nini! Mzee mwenyewe mtu wa watu. Ingia, usiogope."

Usiogope! Mtu asiyeweza kutaja hata aina tatu za jibini ya kiwanda ndiye anayemwambia asiogope.

Ndani alikuwemo Haji Mufaddi na binti yake Nawfa, meneja. Ibtihaj alijibu vizuri mno. Nawfa alikuwa akitikisa kichwa kukubali, akaandika, akamnong'oneza baba yake. Mwenye macho angeona kazi inamjia mwenyewe. Ibtihaj hakuona, kwa sababu masikio yake yalikuwa bado kwenye kile kicheko.

Mzee akaagiza kahawa, ile chungu ya iliki. Sasa mwalimu wa kozi alikuwa amesema kwenye usaili usinywe kitu, mkono utatetemeka. Ibtihaj akakipokea kikombe, akakiweka mezani.

Nawfa akaacha kuandika. Hapa kwetu hata mtoto anajua: mgeni akiweka kikombe bila kunywa, ana haja kwa mwenyeji wake, na hanywi mpaka akubaliwe. Mwenyeji akikataa, aibu itamfuata mpaka kwa wajukuu. Ibtihaj kazaliwa humu humu, ila kozi ya mjini ilimsahaulisha.

Haji Mufaddi alijiweka sawa kitini. "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Haja yako imekubaliwa. Itaje."

Hapo ndipo alipozinduka. Kazi ile ilikuwa imebaki neno moja tu, na hata Nawfa alikuwa ameanza kutabasamu. Ibtihaj akafungua mdomo kuiomba. Huko nje, Jumana akaangua kicheko. Alikuwa anataniana na bawabu.

"Ami Haji," Ibtihaj akasema, "huyu aliyetoka sasa hivi ni binti wa ami yangu. Naomba asipate."

Mzee akamtazama. "Hilo tu?"

Angeweza kuongeza. Mimi niliposimuliwa hapa nilijipiga paja: ongeza, mwanamke! Lakini gere haikumwachia nafasi ya neno jingine.

"Hilo tu, ami."

"Basi kunywa."

Akanywa, akaaga, akatoka mwepesi.

Kesho yake Jumana alipigiwa simu, akaambiwa pole. Alilia kidogo, kisha akaulizia chakula. Ibtihaj alimpa bega la kulilia huku moyoni anapiga vigelegele. Sasa akasubiri simu yake. Wiki nzima ikapita, kimya.

"Si uwapigie wewe?" Jumana alimhimiza. Walikuwa sebuleni na mama. "Kama si wewe, nani tena? Lete hiyo simu." Akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

Nawfa alipokea. "Nafasi imeshajazwa, dada. Tumemchukua kijana mmoja wa Zarqa."

"Lakini majibu yangu..." Ibtihaj alisema, "si uliyapenda?"

"Niliyapenda. Mimi nilikutaka wewe. Ila baba anasema haja yako aliitimiza siku ileile. Anauliza, ulikuwa na nyingine?"

Simu ikakatika. Mama alikuwa ameacha kukunja nguo. Jumana akaushika mkono wa Ibtihaj kwa huruma.

"Pole, dada," alisema. "Kwani ulimwomba haja gani?"